Ruka ni Juu, Chupa ni Chini

Mwana wa mwenye nyumba wangu alikuwa fundi wa simu mpaka vidole vilipomkataa. Vilianza kwa kuangusha skrubu. Wateja walidhani ni haraka. Yeye alidhani ni joto la kibanda. Baadaye kikashindwa kidole gumba, kisha mkono mzima wa kulia, na siku niliyompeleka hospitali pamoja na mamake, daktari alieleza mambo kwa utulivu, bila kuyapamba. Misuli ingelala mmoja baada ya mwingine: mikono, miguu, ulimi, mwisho pumzi. Dawa ya kuiamsha haikuwepo. Mamake aliuliza kama kumkanda kwa mafuta kungesaidia. Daktari akasema kungemliwaza. Tangu hapo ugonjwa umefuata mpangilio ule ule alioutaja.

Mimi ni mpangaji wao hapa Mishomoroni. Chumba changu ni cha mwisho, karibu na kisima cha maji ya chumvi tunachofulia. Nafanya kazi ya stoo katika duka kubwa moja kule Nyali, zamu ya asubuhi, kwa hivyo adhuhuri ikipita huwa nimerudi. Wazazi wangu walitoka bara, na Kiswahili changu ni cha shule na cha kazini. Hilo lina uzito katika habari hii.

Siku moja nilikuwa napita dirishani kwake, akaniita.

"Wewe mbara! Wajua kushika padi?"

"Padi gani?"

"Ya gemu, bwana. Si ya kuandikia."

Nikamwambia nilishika nikiwa shuleni. Akasema niingie. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu, laptopu mbele yake juu ya stuli, padi imelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Kwenye skrini kulikuwa na kiumbe kidogo kilichovaa joho la ukindu, kimesimama peke yake mvuani.

"Nimefika mbali," akasema. "Sasa vidole vimegoma. Wewe utakuwa vidole. Kichwa ni mimi. Wanifahamu?"

Nikamfahamu, au nilidhani nimemfahamu.

Ile gemu ni ya ubavuni tu. Unakiona kiumbe chako kama picha iliyobandikwa ukutani: kinaweza kwenda kushoto, kulia, juu na chini, basi. Jambo moja tu liko wazi tangu mwanzo, kwamba kinateremka ndani ya kisima ambacho zamani kilikuwa mji. Unapita vyumba vya mafundi wa nguo ambamo vitambaa vimeota ukungu. Unapita madrasa iliyojaa popo. Kuna mizizi myeusi inayokufuata ukisimama sana. Muziki ni uzi mmoja unaokwaruzwa kwa mbali, na mahali pengine hakuna muziki kabisa, matone tu. Hakuna anayekueleza lolote. Ukifa unarudishwa kwenye taa ya mwisho uliyoiwasha, na mvua inaendelea kana kwamba hukuwahi kufa. Na unakufa sana. Nilimuuliza kwa nini mtu mgonjwa achague gemu ngumu hivyo. Akanijibu kwamba zile rahisi zilikuwa zinamwonea huruma.

Chini kabisa, juu ya kifuniko cha shimo la mwisho, amesimama korongo. Shingo yake haienei kwenye skrini, miguu yake ni sindano. Aliyemshinda ndiye anayefunguliwa kifuniko aone kilichoko chini. Rafiki yangu alitaka kukiona, lakini si kwa kuonyeshwa. Mtu angeweza kukitafuta mtandaoni akakitazama bila kutoka jasho. Yeye alitaka afike mwenyewe, kwa maneno yake, kabla ugonjwa haujafika kwenye ulimi. Aliniambia hivyo siku ile ile ya kwanza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayepanga safari ya Malindi.

Tukaanza. Nikawa nasogea akisema sogea, napiga akisema piga. Tukafika kwenye ukingo mrefu, na kutoka juu ukadondoka mzizi mmoja.

"Chupa!" akasema.

Kiumbe chetu kina chupa ya mwanga kiunoni. Ukiwa umejeruhiwa unakinywesha. Nikabonyeza. Kikasimama pale pale, kikainua chupa taratibu, kikaanza kunywa. Mzizi ukakitoboa.

"Nimekwambia chupa!"

"Si nimekunywa!"

"Umekunywa? Umekunywa nini wewe?" Akanitazama, kisha akaanza kucheka kwa namna iliyomleta mamake mbio kutoka jikoni, mkono una unga. "Mama, skia. Namwambia mbara achupe, yuanywa!"

Mamake naye akashika mlango akacheka. "Masikini wa Mungu. Bara hawachupi, mwanangu?"

"Bara tunaruka," nikasema.

"Ruka ni juu," mwanawe akanifundisha, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu. "Chupa ni chini. Umesimama juu ya ukuta, wajitupa chini kwa miguu yako, hapo umechupa. Ukiruka pale, kichwa kinakutana na mzizi. Mambo mawili, yakhe."

Nilimwomba tutumie neno jingine, kwa mfano shuka. Akakataa katakata. Shuka ni ya ngazi, akasema, na shuka ni ya kitandani, na yeye hakuzaliwa hapa ili aje abadilishiwe maneno chumbani kwake. Chupa ya kunywa tukaiita dawa.

Hivyo ndivyo tulivyocheza, kila siku niliyokuwa sina udhuru, baada ya swala ya alasiri mpaka karibu na magharibi. Betri ya laptopu ilikuwa imekufa zamani, kwa hivyo stima ikipotea na sisi tunapotea. Mamake alikaa kizingitini akichambua mchele au kukata vitunguu. Hakuipenda gemu, akiiita "hilo giza lenu," lakini alilifuata kwa makini. Aliuliza kwa nini huyo mtu hana uso. Aliuliza kama ana wazazi. Kila nikimsalimia shikamoo na kuvua viatu aliniambia, "Marahaba, baba. Leo mwenda wapi?" na mwanawe akamjibu jina la chumba tulichokuwa tunakitafuta, na yeye akasema inshallah.

Jambo moja nililigundua mapema. Kiumbe kilipokufa, hata kama kosa lilikuwa la kidole changu waziwazi, alisema, "Nimekufa." Hakuwahi kusema umekufa, wala tumekufa. Nami nikajifunza kusema, "Umekufa, turudi." Mgeni angetusikia angedhani tumechanganyikiwa. Kati yetu jambo lilikuwa wazi: mimi sikuwa nikicheza.

Tulipofika kwa korongo, ulimi ulikuwa umeanza.

Korongo hufanya mambo mawili. Hufagia chini kwa bawa, na hapo ni lazima uruke. Au huinua shingo na kudunga ule ukingo uliosimama juu yake, na hapo ni lazima uchupe. Ukikosea umekwisha. Muda wa kuamua ni mfupi kuliko neno lenyewe. Alipokuwa mzima wa ulimi tulikuwa tunachelewa kidogo tu. Sasa herufi zilianza kumtoroka. Ra ilikuwa ya kwanza. Ruka ikawa uka. Kisha midomo ikachoka kufumbana, na chupa ikawa chua, halafu hua. Alizisukuma kwa shingo nzima, mishipa imesimama. Mwishowe maneno yote mawili yakawa kitu kimoja.

"Ua!"

Nikaruka. Ilikuwa chupa.

"Ua!"

Nikachupa. Ilikuwa ruka.

Siku moja alilisema mara nyingi, kwa nguvu, na mamake akaweka sinia chini akaja akashika kiti. "Nakuja, mwanangu, nakuja. Ataka kutolewa uani," akaniambia, "humu mna joto." Akampeleka nje, akamweka chini ya kamba za nguo, akamfungua vifungo vya shati. Mimi nilibaki na padi mkononi. Kupitia dirishani nilimwona akiwa ametazama shuka zilizoanikwa, na hakujaribu kumrekebisha. Kumweleza mamake kungemgharimu pumzi nyingi kuliko kukaa pale.

Tulijaribu njia nyingine. Kupepesa kope mara moja kwa juu, mara mbili kwa chini: akawa anapepesa bila kutaka, macho yakimwasha kwa kuikodolea skrini. Sauti ndefu na sauti fupi: ndefu ilichelewa kuliko neno. Tulirudi kwenye ua, kwa sababu angalau ilikuwa neno, na nikawa nakisia.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka, na sikuyaona yakigeuka. Mtu anayekisia hutafuta pa kushikia. Nikaanza kuiangalia shingo ya korongo. Kabla ya kudunga huwa inarudi nyuma kidogo, kama mtu anayevuta pumzi. Kabla ya kufagia, manyoya ya bega hutikisika. Vidole vikajifunza hayo vyenyewe. Siku moja, jua likiwa bado kali mlangoni, tulianza kama kawaida, akasema ua, nikaruka, sawa. Akasema ua, nikachupa, sawa. Kisha nikawa nasikia tu uzi wa muziki na bonyeza-bonyeza ya padi. Korongo akafagia, nikawa juu. Akadunga, nikawa chini. Nikapiga, nikapiga tena. Miguu yake ikakatika mmoja mmoja, shingo ikalala kwenye kifuniko, na skrini ikawa nyeupe.

Mamake alipiga vigelegele mpaka majirani wakauliza kuna harusi. "Kamuua ndege! Mwanangu kamuua ndege!"

Nilimgeukia nikicheka. Yeye hakuwa akicheka. Ndipo nikatambua kwamba sikujua alikuwa amenyamaza tangu lini.

Alichukua muda kulitengeneza neno. Lilitoka vipande vipande, bila kingo, lakini mwanzo wake ulikuwa wazi, na mwanzo ndio uliokuwa na maana.

"U... me... hinda."

"Umeshinda wewe," nikasema. "Kichwa ni wewe."

Akafumba macho, akayafumbua, akarudia vile vile. Umeshinda. Hakusema nimeshinda.

Nilitafuta namna ya kurudi nyuma. Nilifungua kila ukurasa wa gemu ile. Ilikuwa imejihifadhi yenyewe. Taa mpya ilikuwa inawaka kando ya kifuniko kilichofunguka, na chini yake giza na ngazi. Korongo hakuwepo tena popote. Nilimuuliza kama niteremke. Mamake, ambaye sasa alikuwa amesoma uso wa mwanawe, aliifunga laptopu kwa kiganja, polepole, kama anayefunika chakula.

Siku chache hatukucheza. Nilimsalimia dirishani, akaniitikia kwa macho. Kisha nikakuta laptopu imefunguliwa, na mamake akaniambia, "Yuakungoja tangu adhuhuri. Kuna jambo ataka, mimi silipati."

Nikakaa karibu naye. Nilimtajia maneno, naye akawa anafumba macho nikipatia. Mwanzo. Tuanze mwanzo? Akafumba. Mwanzo kabisa, mlango wa kisima? Akafumba. Safari ile ilikuwa imetula sehemu kubwa ya mwaka, na ulimi wakati huo ulikuwa mzima. Yeye alijua hayo vizuri kuliko mimi. Nilidhani tumemaliza, lakini aliendelea kunitazama. Nikahangaika sana na hilo la mwisho, mpaka nikasema, "Nisisogee bila wewe." Akafumba macho na kuyaacha yamefumba.

Sasa ndivyo tunavyocheza. Chumba cha kwanza cha gemu ile ni cha kujifunzia. Hakuna mizizi wala popo. Kuna konokono mmoja anayetambaa kutoka upande wa kulia, polepole kiasi kwamba mtoto anaweza kumruka huku akila. Rafiki yangu alipoanza tena, konokono huyo tulimpita. Akisema ua, pale haiwezi kuwa chupa, kwa kuwa hakuna pa kuchupia. Tulifika mpaka chumba cha pili, na mara moja mpaka cha tatu. Halafu pumzi zikapungua, na sauti yenyewe ikawa inahitaji kungojwa kama maji kwenye bomba.

Jana nilivua viatu, nikamwamkia mamake, nikaketi. Kiumbe kikasimama mlangoni mwa kisima. Konokono akatokea. Rafiki yangu akafungua mdomo, kifua kikapanda, kikakwama, kikashuka. Hakuna kilichotoka. Konokono akafika katikati ya skrini. Kidole gumba changu kilikuwa juu ya kitufe. Nilikihisi kinataka kwenda, nikakinyanyua, nikakiweka pembeni.

"Mrukeni huyo," mamake akasema kutoka kizingitini. "Mbona mwamtazama tu?"

Kifua kikapanda tena. Macho yake yalikuwa kwenye skrini, makali, macho ya mtu aliye kazini. Konokono akatufikia.

"Umekufa," nikamwambia. "Turudi."

Akafumba macho, ndiyo, nikabonyeza turudi.