Sokwe Aliyepakiwa Rumonge

Kadi ilikuwa imepigwa picha kwa pembeni, na mwandiko wake wa Kifaransa ulikuwa umelala kama mpunga uliopigwa na mvua. Jike. Amezaliwa porini, pwani ya Tanganyika. Alipakiwa Rumonge. Tarehe ya kuzaliwa: Januari mosi, imekisiwa.

Niliisoma mara tatu nikiwa nimekaa kwenye saluni ya kunyoa hapa Minago, ambako nilikuwa nachajia kompyuta yangu kwa umeme wa jua. Kinyozi aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimeona jina la mji wa kwetu mahali ambapo sikulitarajia.

Nilikuwa nimemaliza chuo Bujumbura, biolojia, na kwa mwaka mzima sikupata kazi iliyohusiana na nilichosoma. Kisha nikapata hii. Bustani za wanyama za Ulaya zina daftari moja la ukoo wa sokwe wanaowafuga: nani kazaliwa na nani, lini, kahamishiwa bustani gani, kafa kwa nini. Kadi za zamani ziliandikwa kwa mkono. Kazi yangu ilikuwa kuzisoma na kuziingiza kwenye majedwali. Msimamizi alikuwa mama mmoja niliyemjua kwa sauti tu. Alipenda jinsi nilivyobishana na kila kadi. Hatimaye akanitafutia nafasi ya kusoma kwenye chuo chao, nisomee koo za wanyama hao hao. Masomo yangeanza baada ya miezi mitatu, na kila tulipozungumza aliuliza jambo moja: pasi iko tayari?

Pasi ilikuwa karibu. Shida yangu haikuwa pasi.

Jioni ile nilimsimulia bibi, mama wa baba yangu, ambaye ndiye aliyenilea. Alikuwa anachambua chikichi kwenye ungo.

"Alipakiwa na nani?" akauliza.

"Hawakuandika."

"Na mama yake?"

"Hawakuandika."

"Walimuua. Mtoto wa sokwe hachukuliwi mama yake akiwa hai."

"Umejuaje, bibi?"

"Wewe ungemwachia mtu mtoto wako?"

"Huo si ushahidi."

"Basi nenda kamuulize mama yake."

Nilimwambia sokwe yule bado yuko hai, mzee kupita karibu wote walioandikwa humo. Amezaa, watoto wake wamezaa, na vitukuu wake wametawanywa katika nchi ambazo bibi hakuwahi kuzisikia. Porini asingefika umri huo. Kule kuna daktari, chakula kinakuja kwa saa, chui hakuna.

"Na mlango?"

"Mlango umefungwa."

"Ndiyo maana. Kifo nacho kimekosa ufunguo." Akacheka peke yake, kisha akauliza tena siku ya kuzaliwa. Nikamsomea. "Januari mosi," akasema. "Kama mimi."

Kambini Tanzania, alikokimbilia bibi na wanawe wakati wa vita na nilikozaliwa mimi, kila asiyejua tarehe yake aliandikiwa Januari mosi. Bibi hupenda kusema kambi nzima ilitoka tumbo moja siku moja. Tangu jioni ile alimwita yule sokwe "mwenzangu", na kila niliporudi na kompyuta aliuliza, "Mwenzangu ameamkaje?"

Mimi pia ni wa Januari mosi, na kwangu halikukosewa hilo tu. Siku ya kuandikisha watoto, baba yangu alikuwa nje ya kambi akilima mashamba ya watu, jambo lililokatazwa. Mtoto ambaye baba yake hayupo asingeingia kwenye kadi ya chakula. Kwa hiyo baba mdogo akaninyanyua mbele ya meza, akasema ni wake. Ilikuwa kawaida. Watoto waliazimana baba kama majirani wanavyoazimana jembe, na kila mtu alisema itarekebishwa. Baba alikufa kabla hatujarudi. Tuliporudi, wilaya ilinakili kadi ya kambi jinsi ilivyo. Cheti cha kuzaliwa, diploma, maombi ya pasi, vyote vinasema mimi ni mwana wa baba mdogo, ambaye alibaki Tanzania.

Jambo hilo lingeweza kulala hapo milele kama si shamba. Tulikuta mzee jirani analima michikichi ya babu. Simlaumu sana. Alipoanza, hapakuwa na mtu. Watoto wake wamekulia chini ya miti hiyo, na mingine aliipanda mwenyewe. Baba mdogo alikuja mara moja, akatia saini kumwachia fungu lake, akaondoka. Likabaki fungu la baba yangu. Kwa mila ya huku mwanamke harithi. Bibi angekaa pale kwa jina la mwana, au la mwana wa mwana. Wazee wa kilima, wale tunaowaita bashingantahe, walipanga siku ya kuamua. Kama marehemu ana mtoto wa kiume, mtoto huyo aje aseme, akae shambani na aliandikishe. Kama hana, fungu linakwenda kwa anayelilima.

Nikisema mimi ni mwana wa marehemu, shamba linapona, lakini kila karatasi niliyo nayo inakuwa ya uongo na inabidi ianze upya: cheti, diploma, pasi. Nikisema mimi ni mwana wa baba mdogo, naondoka, na bibi anahamia kwenye chumba cha kupanga Rumonge akiwa na ungo wake.

Bibi hakuniomba kitu. Ningepumua vizuri zaidi kama angeniomba.

Mzee jirani hakuwa mkimya hivyo. Alinikuta njiani nasukuma baiskeli.

"Amahoro, dogiteri wa nyani."

"Amahoro, mzee. Ni sokwe."

"Yote iko na mukia ao haina?"

"Sokwe hana mkia."

"Basi iko mutu." Akashika usukani wa baiskeli yangu kama anayenisaidia. "Banasema unaandika baba ya nyani, na babu yake, na baba ya babu. Na weye, ku karatasi yako, baba ni nani?"

Nikavuta baiskeli, hakuiachia.

"Mimi sina ubaya, mutoto wangu. Nenda Ulaya. Bibi yako nitamupa mawese kila mwezi, na Mungu anasikia." Naye hakuwa anatania. Nadhani angempa kweli, mpaka siku atakayosahau.

Wiki hiyo nilifika kwenye kadi ya dume mmoja, mjukuu wa yule jike wa Rumonge. Alikuwa amepangiwa kuhamishwa kwenda bustani nyingine, nafasi kubwa zaidi, kundi jipya, na jike aliyechaguliwa kwa ajili yake. Pembeni mwa kadi ya mama yake mtunzaji alikuwa ameandika maneno machache kwa penseli: mlango wa katikati ulibaki wazi jioni nzima. Nikahesabu miezi ya mimba, ikalingana na jioni hiyo. Aliyeandikwa kuwa baba alikuwa upande mmoja wa mlango, lakini upande wa pili kulikuwa na dume mwingine. Na dume huyo wa pili ndiye baba wa yule jike aliyekuwa anamsubiri mjukuu huko; wangekuwa ndugu wa baba mmoja.

Nilimpigia msimamizi. Akasema, "Uandike alama ya swali sasa hivi. Watachukua damu. Safari isimame."

"Na kama mtunzaji alikosea?"

"Atabaki alipo mpaka tujue. Hakuna sokwe anayehama na baba wa kukisia."

Majibu ya damu yalikuja siku mbili kabla ya kikao. Mtunzaji hakukosea. Nilifuta jina la baba, nikaandika lingine, na kwenye safu ya mwisho nikaandika: abaki. Sipendi mambo yanayofanana fanana, kana kwamba dunia ina mwalimu anayetutungia mifano. Ilikuwa sadfa, na bado naamini hivyo. Lakini nilikaa saluni mpaka kinyozi akafunga dirisha moja, akaniuliza tena kama nimefiwa.

Kikao kilifanyika kwenye kibanda cha kukamulia mawese, kwenye mpaka unaogombaniwa. Wazee walikaa kwenye madumu yaliyopinduliwa. Mkubwa wao aligonga ardhi kwa fimbo yake ya ushauri, watu wakatulia. Nilikuwa na cheti mfukoni mwa shati. Usiku wote nilikuwa nimepanga maneno.

"Uko mutoto wa nani?" akauliza.

Nikaanza kueleza. Nilisema hakuna mtu anayeweza kujua kuzaliwa kwake mwenyewe, kwamba mimi naambiwa tu, kwamba kuna ushahidi wa aina mbili, wa maandishi na wa mdomo, na kila mmoja una udhaifu wake. Mzee mmoja akasinzia. Mwingine akatoa chikichi mkononi mwa mjukuu wake na kuicheki kama ina ukungu.

"Hatukuuliza unajua nini," mkubwa akasema kwa upole. "Tunauliza uko mutoto wa nani."

Mzee jirani akainua mkono. "Karatasi iko mu mufuko yake. Aisome tu. Karatasi inasema baba ni yule mwenye alitia saini."

"Karatasi ile iliandikwa kwa sababu ya maharage," bibi akasema kutoka kwenye mkeka wa wanawake. "Mimi nilimpokea huyu. Kitovu nilikata mwenyewe. Baba yake alirudi usiku ule na matope mpaka magotini, akaniuliza ni wa kiume au wa kike, nikamwambia oga kwanza."

Watu wakacheka, hata jirani. Bibi hakunitazama. Alikuwa anatazama michikichi, kama mtu anayesubiri gari ambalo si lazima lije. Nikaelewa kwamba amesema yote atakayosema, na kwamba nikitoa karatasi, hatanikanusha.

Mama wa sauti tu alikuwa amesema hakuna sokwe anayehama na baba wa kukisia. Mimi nilikuwa na baba asiye wa kukisia hata kidogo. Nilimjua kwa magoti yenye matope.

Nikamtaja. Jina lake, na la babu, na la baba wa babu, jinsi bibi alivyonifundisha nikiwa mdogo, wakati nilidhani ni wimbo wa kubembeleza. Cheti nilikiacha mfukoni. Mkubwa akagonga fimbo tena, akasema fungu lina mwenyewe.

Zamani uamuzi kama huo ulifungwa kwa pombe ya ndizi, na kila aliyekunywa alikuwa shahidi. Bibi ni mlokole, kwa hiyo tulileta Fanta. Wazee wakanywa, kisha jirani, kisha mimi. Jirani alinipa chupa akasema, "Basi tuko pamoja hapa, dogiteri. Weye na mimi." Ilikuwa Fanta ya moto, imekaa juani tangu asubuhi. Nilimeza kidogo kidogo, kwa sababu nilijua nikimaliza nimemaliza.

Wilayani walinipokea vizuri. Karani alisema marekebisho ya jina la baba yanakwenda mahakamani, kisha yanarudi, kisha yanaanza upande wa diploma. Alipojaza fomu mpya nilimwomba aandike tarehe yangu halisi, ambayo bibi anaikumbuka kwa mavuno. Akasema tusichanganye mambo mawili. Nikabaki Januari mosi.

Nilimwandikia msimamizi. Akajibu kwamba nafasi haiwezi kungoja, na kwamba kadi bado ni nyingi, kama nataka kuendelea. Naendelea.

Jumamosi nilipanda mnyaa kwenye mpaka, vijiti vya urefu wa mkono, kimoja kimoja, nikianzia upande wa ziwa. Mti ule ukikatwa hutoa utomvu mweupe unaochoma macho. Unapanda ukiwa umegeuza uso. Nilianza nikiwa nje ya mstari, na nilipofika juu nikagundua nimevukia ndani bila kujua ni kijiti gani.

Bibi alikuja na ungo wake, akapita mstari mzima.

"Mwenzangu ameamkaje?"

"Yuko hai."

"Anakula?"

"Wameandika anakula vizuri."

Akainama, akatikisa kijiti kimoja karibu na kibanda. "Hiki umekipanda kombo. Kitoe, ukipande upya."