Mlango Tuliouruka

Miaka ile ya ruksa, viwanda vya minofu ya samaki vilipofunguliwa na fedha ikaanza kuonekana Mwanza, nilipanga Mkolani. Mpangaji mwenzangu, ukuta kwa ukuta, alikuwa akiishi kwa wanaume. Sizunguki maneno. Tulimwita changudoa, neno lililotufikia kutoka Dar. Lakini mkono mtupu haulambwi, na wake haukuwa mtupu: kila msiba, mchango wake tuliupokea kwa mikono miwili.

Mimi nilikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa. Jumamosi jioni tulisali rozari nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Chumba chake tulikiruka. Hakuna aliyetoa amri, tuliruka tu. Yeye alikuja kusali kwa wengine, akikaa karibu na mlango.

Siku moja akaniambia, "Dada, mama anakuja kutoka Bukoba. Jumamosi hii msali kwangu. Nataka aone nina watu."

"Tutakuja, mdogo wangu," nikamjibu, na nilimaanisha. Mimi pia ni Mhaya. Dada wa bibi yangu alirudi kutoka Kampala na fedha za kazi hiyo hiyo, akanunua kibanja, shamba la migomba, na ndizi zake ndizo zilizonikuza. Nyumbani hatukumsema. Tulimpigia magoti.

Lakini wenzangu walikataa, eti waume zao watauliza, nami nikanyamaza. Mwenyekiti mzima. Nikasema basi, wiki hii tupumzike. Kumwambia mwenyewe nikashindwa.

Jumamosi aliazima mikeka, akapika ndizi sufuria kubwa. Nilijifungia chumbani kwangu kama mwizi. Ukuta wetu haukufika juu, kwa hiyo nilisikia yote. Giza lilipoingia mama yake akauliza, "Watu wako wako wapi?"

"Hawaji, mama. Mwenyekiti wetu amefiwa."

Asubuhi nikasikia hodi. Mama wa watu amesimama mlangoni, na nyuma yake binti yake amebeba ile sufuria ya ndizi, maana mfiwa haendewi mikono mitupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana na msiba."

Nilimtazama binti yake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Aliniomba kwa macho tu, nisimuumbue mbele ya mama yake.

"Asante, mama," nikasema. "Nimeshapoa."

Nikapokea sufuria, kwa mikono miwili.