Nyaya Mdomoni mwa Navalayo

Navalayo, mama yake Andati, alikuwa na miaka thelathini na minane alipofungwa nyaya kwenye meno. Enzi hiyo biashara ya sukari ilikuwa imenoga, matrekta ya miwa yakipita kijijini kwao Mayoni mchana kutwa, naye alikuwa mpokea simu kiwandani. Meno yake yalikuwa yamepandana vibaya. Ya chini yalimchoma ufizi wa juu kila alipotafuna, na taya likamuuma hadi kichwani. Daktari wa Kisumu alimwambia yatanyooka, ila ajipe miaka miwili.

Mama mkwe wake, Jael, alipoziona zile nyaya alicheka. Yeye hakuwa na meno ya mbele ya chini. Aling'olewa kwa desturi akiwa msichana, kama wenzake wote wa zamani.

"Sisi tulikuwa tunang'olewanga, Mama Andati. Sasa nyinyi mnafungwa kama ua wa kuku?"

"Yananiuma, Mama. Si urembo."

"Na umri huu?"

Navalayo alikuwa amechoka kueleza.

Kila mwezi alikwenda Kisumu kukazwa nyaya, akarudi mashavu yamechubuka ndani. Kwenye simu, "sukari" ilimtoka "shukari", na mteja mmoja akamuuliza kama amelewa. Kanisani aliacha kuimba. Mumewe, Elkanah, alimwambia, "Si uzitoe tu, upumzike?" Hata hilo Navalayo alikuwa amelifikiria, mara nyingi.

Jioni moja, katoka kukazwa, aliketi mezani mbele ya obusuma, ugali wa kwao, na ingokho, yule kuku wa kienyeji. Alitia kipande cha nyama mdomoni, akakitoa, machozi yakamshuka. Jael aliinuka, akachukua ile sahani, akaenda nayo jikoni. Aliporudi, nyama ilikuwa imechambuliwa nyuzinyuzi na kulowekwa kwenye mchuzi.

"Kula. Kulia hakushibishi."

Tangu siku hiyo, kila Navalayo alipotoka Kisumu, alikuta chakula chake kimepondwa.

Miaka miwili ikawa karibu mitatu. Siku nyaya zilipotolewa, Elkanah alimtarajia mkewe arudi akicheka. Alirudi akijikokota, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango. Jael akamsogelea.

"Hebu fungua."

Akafungua. Mama mkwe akatazama kwa makini, akamshika kidevu, akamgeuza upande wa mwanga.

"Yamepangika vizuri. Bado yanauma?"

"Hayaumi, Mama. Nimechoka tu."

"Basi nenda ulale."

Navalayo akaenda kulala, jua likiwa bado juu, na hakuna aliyemwamsha.