Uji wa Watu Wawili

Mimi ni Kombo, mchumaji karafuu wa Gando. Kabla ya kuanguka mkarafuuni nikavunjika paja, sikuwahi kulazwa hospitali hata siku moja. Nililazwa wodi ya wanaume, mguu umefungwa uzito wa kuunyoosha mfupa, siwezi hata kujigeuza.

Kitanda cha pili alikuwapo Mzee Faki wa Madungu, aliyepooza mikono. Mke wangu, Mgeni, akija kila asubuhi na uji, akitulisha sote wawili.

Siku moja alinipigia simu kwamba tumbo lamsokota, ametapika mara mbili, hatokuja. Nami kwa udeko wa mgonjwa nikamwambia, "Njoo hivyo hivyo. Nani atanishika?" Akaja. Akatulisha kama kawaida.

Kesho yake jioni nilianza kutapika, kisha tumbo likafunguka. Mtu aliyefungwa mguu haendi chooni. Nilijichafua kitandani, muuguzi akinisafisha nami nimejifunika uso kwa shuka. Mzee Faki naye akashikwa, na wengine vitanda vya mbele. Daktari alisema ni kirusi cha tumbo, hakina dawa ya kukiua. Akatutundikia maji ya mishipa, akazuia wageni.

Siku ya nne nilikunywa maji ya chumvi na sukari, yakakaa. Ya Mzee Faki hayakukaa. Figo zake zilikuwa dhaifu tangu zamani. Alifariki adhuhuri, namtazama, mkono wangu haumfikii.

Nilipoweza kutembea kwa magongo nilikwenda kwa mwanawe, Salim, nikamweleza yote. Akasema, "Siku nisizofika mimi, mkeo ndiye aliyemlisha baba yangu. Mwambie nimesamehe. Na wewe pia."

Nilimfikishia Mgeni. Nikamwambia kosa ni langu, mimi ndiye niliyemwita.

"Lakini mkono ulikuwa wangu," akasema.

Namshukuru Mwenyezi Mungu, na wauguzi walionisafisha bila kukunja uso. Ndugu zangu, ukitapika au ukiharisha usiende kumtazama mgonjwa, hata ukiisha kupona ngoja siku mbili. Osheni mikono kwa sabuni na maji. Na sisi tuliolala vitandani, mtu wetu akisema anaumwa, tumwambie abaki nyumbani. Njaa ya asubuhi moja haiui.