Mume wangu ni mtoto wa mjomba wangu, na yeye hajui

Admin, jina langu libaki huko kwako, na wale wa Timau wakinitambua basi wanyamaze tu. Nina miaka hamsini na moja, ni mkulima wa viazi Kibirichia. Haya sijawahi kumwambia hata mchungaji.

Miaka ya tisini nilikuwa kibarua kwenye shamba la maua Timau. Huko nikampata mwanamume wa kutoka Kiambere, kule Mbeere, mpole, akicheka meno yote nje. Tukaanza kuishi pamoja. Kwetu kabla ya ndoa wazee huketi, kila upande ukataja ukoo wa baba na wa mama, ndipo watu wanywe uji. Sisi tuliiruka hiyo. Tulijiona wajanja: yeye Mmbeere, mimi Mmeru, tutakuwaje ndugu?

Tukapata msichana. Kwa kina mume wangu, binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, kwa hivyo akaitwa Ciambaka. Mama yangu akapanda Timau kuniona, amebeba ndizi na njahi, zile maharagwe nyeusi za kumlisha mzazi. Mume alikuwa kazini. Mama akampakata mtoto, akauliza jina. Nikamwambia ni la nyanya yake wa Kiambere.

"Ciambaka wa Kiambere? Kwani bwana yako ni kijana ya nani huko?"

Nikamtajia baba mkwe. Mama akanirudishia mtoto, akaketi juu ya gunia la makaa akiwa na nguo yake ya kanisa.

"Huyo unataja ni ndugu yangu. Tumbo moja. Na Ciambaka ni mama yangu mimi."

Maisha yote Mama alituambia kwao ni Tharaka. Kumbe alitoroka Kiambere na baba yangu bila hata mbuzi mmoja kupelekwa, na ndugu yake akaapa jina lake lisitajwe tena pale nyumbani. Uongo wake na haraka yangu vikakutana kwa mtoto.

"Sasa nimwache?" nikauliza.

"Na huyu mtoto utapeleka wapi? Nyamaza. Hata mimi nitanyamaza."

Akanyamaza kweli. Huku mama mkwe na mkwe wake huheshimiana, hawatazamani usoni. Mama akajificha ndani ya heshima hiyo. Mume wangu akiingia, yeye anajifunika leso, anatokea mlango wa jikoni. Mume alikuwa akimsifu, "Mama yako ni mtu wa heshima sana." Nami nikitamani ardhi ipasuke. Mama alipofariki, mume wangu alimzika kama mkwe wake, kumbe ni shangazi yake.

Tulizaa huyo mmoja tu. Nilikuwa nikienda kliniki kwa siri, nazuia mimba. Watu walimwombea mume wangu apate kijana, nami niko hapo hapo, macho nimefumba, nasema amina. Hilo ndilo linaniaibisha kuliko yote.

Hapa kwa page mmebishana sana kama sheria iwazuie binamu kuoana. Wengine mnasema mapenzi hayaulizi ukoo. Siwezi kuwacheka. Ciambaka alizaliwa mzima, akili ananishinda, na baba yake hajawahi kuniinulia mkono. Lakini lile swali la wazee tuliloliona la kizamani lingetutenganisha tukiwa bado tunaweza kutengana. Sasa mnitenganishe na nani? Ni mume wangu na ninampenda.

Ciambaka anaolewa mwaka huu. Ametuomba kwanza sisi tufunge ndoa kanisani, tukae mbele siku yake kama wazazi wa watu. Nilikosa sababu ya kukataa. Tangazo la ndoa yetu limeshasomwa Jumapili mbili. Kila mara mchungaji akiuliza kama kuna anayejua kizuizi, watu wanageuka na kututabasamia. Juzi mume wangu alinifinya mkono, akaninong'oneza, "Nani atakataa wazee kama sisi?"

Jumapili hii anauliza mara ya mwisho, na kanisa zima anayejua ni mimi bibi harusi peke yangu. Ninyamaze kama Mama, au nimwambie mzee wa watu kabla hajavaa ile suti ameshonewa? Mkitaka kunitusi, nitusini, nimezoea kujitusi. Ila mtoto mmwache, na mniambie la kufanya kabla kengele haijalia.