Nusu Ndoo ya Mama

Ukiuliza kijijini kwetu kwa nini hatuna maji ya bomba, utaambiwa ni dereva wa mtambo. Eti yule bwana mnene aliyekuja na mtambo wa kuchimba kisima ndiye aliyetoa siri ya dhahabu. Jambo hilo lilisemwa mpaka kwenye mkutano wa kijiji, watu wakaitikia, na mimi nikaitikia. Nilisema, "Ndiyo, ni yeye." Nisikudanganye, sikuona hata aibu. Mtu anazoea uongo kama anavyozoea jino bovu, anatafunia upande wa pili tu.

Dereva hakusema kitu. Ni mimi.

Nilikuwa nimerudi kwa mama kumsaidia kuchuma pamba. Nyumbani kwangu kulikuwa machimboni, mwendo wa saa mbili kwa pikipiki. Mume wangu alikuwa anaingia duarani, shimo la kuchimbia dhahabu, na mimi nilikuwa naponda mawe na kuosha udongo wa dhahabu na wanawake wenzangu. Mama alikuwa akiishi peke yake tangu baba afariki. Maji alikuwa anateka lamboni, bwawa lile lile wanalonyweshea ng'ombe. Alikuwa anaondoka kabla ya jogoo ili awahi kabla ng'ombe hawajayavuruga. Anarudi na ndoo moja kichwani, goti linamuuma, anaiacha itulie mpaka tope lishuke chini. Ndoo hiyo ndiyo ya kunywa, ya kupika na ya kunawa uso. Tulikua hivyo wote, wala hatukuona ajabu.

Halafu serikali ikatenga fedha za mradi wa maji. Tulikuwa tumeambiwa hivyo mara nyingi, kila mwaka wa fedha na maneno yake, lakini safari hii wapimaji walikuja kweli. Walizunguka na vyombo vyao siku nzima, wakasema maji mengi yako chini ya shamba la mama, nyuma ya nyumba. Afisa wa maji akasema kwenye mkutano kwamba mwenye eneo alitoe bure, liandikwe kwenye muhtasari. Mama akasimama palepale.

"Nimetoa," alisema. "Ila bomba moja liwe karibu na mlango wangu. Goti hili halitaki tena lamboni."

Watu wakacheka, wakapiga makofi, na yeye akabonyeza dole gumba kwenye karatasi. Kesho yake alifagia mahali bomba litakapokuwa. Akaniomba nimsogezee jiwe bapa la kuwekea ndoo. Kila asubuhi akawa anapafagia, na bomba lenyewe halijaja hata kwa picha. Nilimtania kwamba atamaliza ufagio. Akaniambia, "Wee cheka tu, ng'wanone, mwanangu. Utakuja kuniomba maji hapa."

Mtambo ulichimba siku mbili. Siku ya pili jioni maji yaliruka juu, machafu, yakawarushia tope akina mama waliokuwa wanapiga vigelegele, na wao wakazidi kupiga. Wataalamu wakasema yanatosha kijiji kizima. Wakaziba mdomo wa kisima kwa kifuniko cha chuma. Kilichobaki ni awamu ya pili: pampu, tenki na mabomba. Fedha zake zingefunguliwa mwaka wa fedha unaofuata. Mama alikuwa amewachemshia michembe, viazi vitamu vya kukaushwa, nao wakaila yote na kumshukuru.

Sasa, kisima kinapochimbwa, ule unga wa mawe unaotoka chini hupangwa pembeni kwa vifungu vidogo, mtaalamu ajue wamepita kwenye mwamba gani. Wakishamaliza wanauacha hapohapo. Mtu wa kwingine angeona vumbi. Mimi niliona kifungu kimoja cheupe chenye wekundu wa kutu, na mikono yangu ikaanza kuwasha. Sisi watu wa machimbo tuna ugonjwa huo. Hata kokoto za kujengea choo tunazigeuzageuza kwanza.

Kesho yake asubuhi, mama alipokwenda kusali jumuiya, nilichota unga ule nikauweka kwenye karai. Maji ya kuoshea hayakuwepo, ila nusu ndoo iliyobaki jikoni, aliyoitoa lamboni alfajiri ile. Nikaichukua. Nikaosha taratibu, nikizungusha na kumwaga, kuzungusha na kumwaga, mpaka chini ya karai kikabaki kidogo sana, cha njano. Ukigusa chumvi kwa ncha ya kidole, ni kiasi hicho. Maji yalikuwa yamekwisha.

Nilitoka nje nikampigia simu mume wangu. Mtu mmoja tu. Nikamwambia asimwambie mtu. Watu husema siri ya wawili si siri, na mimi nilidhani mume na mke ni mtu mmoja! Nikaifunga ile ya njano kwenye kitambaa, na kabla mama hajarudi nikaondoka kwenda machimboni kwangu, nikaliacha karai limeegemea ukuta wa jikoni.

Siku ya tatu wachimbaji waliingia shambani kwa mama. Pikipiki kwa pikipiki, sururu, makoleo, viroba, na mama lishe na masufuria yao. Rashi, yale mbio ya kukimbilia dhahabu mpya, ndivyo ilivyo, haipigi hodi. Nami nilikuja nao, nyuma ya mume wangu, kama mgeni aliyealikwa. Nilimkuta mama amesimama juu ya kile kifuniko cha chuma, ameshika jembe. Na wale wachimbaji, maskini, walikuwa na adabu. Kila aliyepita alimwambia, "Shikamoo, bibi," na yeye akajibu, "Marahaba," kisha mtu anakwenda hatua kumi na kuanza kuchimba shamba lake. Aliitikia marahaba mpaka sauti ikamkauka. Mwenyekiti wa kijiji alipiga kelele kwamba hili ni eneo la mradi, na muhtasari upo. Nani alimsikiliza? Baada ya wiki moja hata yeye alikuwa na duara lake.

Walichimba miezi michache. Mashimo yalijaa maji, yale yale ya kisima chetu, wakaleta pampu za kuyavuta na kuyamwaga bondeni usiku na mchana. Mwalo wa kuoshea udongo wa dhahabu ukawekwa karibu na jiwe la mama, pamoja na zebaki yake, ile sumu ya kunasia dhahabu. Dhahabu yenyewe ilikuwa mstari mwembamba, ikakata. Mvua za kwanza ziliponyesha watu walikunja maturubai wakaondoka. Mume wangu alifuata rashi nyingine, na huko akapata mwanamke mwingine. Sikumfuata. Nilirudi kwa mama na begi moja, naye akalipokea.

Mwaka wa fedha ulipofika, mhandisi wa maji alikuja kama tulivyoahidiwa. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo, kwamba safari hii walikuja. Fedha zilikuwepo. Alitembea kati ya mashimo kwa uangalifu, akapima maji, akatikisa kichwa.

"Mama, haya si ya kumpa mtu anywe," alisema. "Siwezi kufukia fedha za umma hapa."

Mama akamuuliza, "Sasa zitakwenda wapi?"

"Kijiji cha ng'ambo ya bonde. Nako wapimaji walipata maji."

"Haya," mama alisema. "Na wao wana kiu."

Akampa mkono. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale na sikusikia chochote ndani yangu. Nilisubiri nisikie. Hata sasa nasubiri.

Ng'ambo walipata tenki. Ukisimama kwetu unaliona, limekaa juu ya mnara wake, linang'aa. Kila asubuhi nafunga madumu mawili kwenye baiskeli nakwenda kupanga foleni. Wanawake wa kule wananitania, "Karibuni, matajiri wa dhahabu!" Nami nacheka. Nifanyeje? Wana haki ya kututania, na maji wanatupa.

Mama hakwenda tena lamboni. Goti lilikataa kabisa, halafu mguu mzima, halafu akawa mtu wa kulala. Lakini kabla hajalala moja kwa moja aliendelea kufagia pale kwenye jiwe, akilikwepa shimo lililokuwa pembeni. Sikumtania tena.

Mwaka jana, siku moja mchana, nilimpelekea maji kitandani. Alikunywa kidogo, akashikilia kikombe kifuani.

"Haya ndiyo ya ng'ambo?"

"Ndiyo, mayu."

"Matamu." Akafuta mdomo. "Siku ile uliosha kwa maji yangu."

Nikaanza kumnyooshea shuka.

"Nilirudi jumuiya nikakuta ndoo tupu, na karai lina unga wa mawe pembeni. Nikalisuuza mwenyewe, watu wasije wakaliona. Nilisuuza kwa maji ya kuazima kwa jirani."

Kumbe. Miaka yote ile. Alikuwepo kwenye ule mkutano siku niliposema ni dereva. Alikuwa amekaa mkekani mbele yangu, namwona kisogo, na hakugeuka.

"Nisamehe, mayu," nilisema. Maneno yalitoka makavu, kama mtu anayesoma tangazo.

Alipunga mkono kama anafukuza nzi. "Uliona nini?"

"Kidogo tu. Kama chumvi kwenye ncha ya kidole."

"Inang'aa?"

"Inang'aa."

Mama alizaliwa katika nchi hii ya dhahabu, akalima juu yake, akamzika mumewe humo. Watu waligeuza shamba lake lote chini juu wakiitafuta, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumfungulia kiganja aione.

"Sijawahi kuiona," alisema. "Maji yangu ulitumia. Ungeningoja basi nirudi, nami niione."

Akanirudishia kikombe. Maji yaliyobaki aliniambia nisiyamwage, niyarudishe kwenye ndoo. Nikayarudisha.

Alifariki wiki hiyo hiyo. Wanawake walikuja kumwosha, wakaniomba maji. Nilitoa ndoo yote.