Fundi na Adhana ya Baba

Fundi wetu wa kompyuta hapa Mtendeni ni Mhindu mwenye vidole vyembamba na ulimi mkali. Kabla ya kuchomeka diski mpya ya kuhifadhia, huitandikia kitambaa isitikisike, huzima feni kwa ajili ya vumbi, kisha humfukuza mteja mezani. "Dada, usiegemee! Kompyuta ya marehemu baba yako yenyewe inataka kukata roho, wewe unanisukumia meza." Nilisogea, lakini sikuondoka. Nilikuwa nimeapa kurudi nyumbani na sauti iliyorekodiwa humo ya baba, Mungu amrehemu, aliyeadhini msikitini kwetu mpaka alipougua. Faili zilipohamia kwenye diski, fundi alifungua kila moja, akasikiliza neno moja tu, akaikata. Mawaidha ya Ramadhani: "Ipo." Dua ya harusi yangu: "Ipo." Kisha baba akaanza kuadhini. Mkono wa fundi ulikwenda kukata kama kawaida, ukasita, ukarudi mapajani. Akazima na redio yake. Mteja aliyeingia akipaza sauti, "Fundi, chaja yangu vipi?" alinyamazishwa kwa kidole. Tukaisikiliza adhana yote, sote watatu, hadi neno la mwisho. Ndipo fundi akasema, taratibu, "Ipo, dada."